Nota Ukutani, Wimbo Moyoni: Matumizi ya Skrini Kubwa katika Mazoezi ya Kwaya



Somo la robo hii limetokana na swali ambalo kamati za sharika zimetuuliza mara kwa mara: "Je, tununue skrini kubwa ya kuonyeshea nota za kwaya?" Barua iliyotufanya tulichukulie swali hili kwa uzito ilitoka usharika mmoja hapa Mlandizi, jirani na barabara kuu ya Morogoro. Ilikuwa barua fupi. Mfadhili yuko tayari kutoa fedha, kwaya imekwisha kuchagua aina ya runinga, kilichobaki ni saini ya mratibu.

Sikutia saini siku ile. Nilikuwa nimekwisha kuona, katika usharika mwingine, projekta nzuri iliyolala kabatini kwa sababu taa yake iliungua na hakuna aliyeweka akiba ya kununua nyingine. Kwa hiyo niliwaomba wazee wa usharika watupe robo moja ya mwaka. Tuazime vifaa, tukae na kwaya katika mazoezi, kisha tuamue pamoja. Mwenyekiti wa kwaya hakufurahi. Aliniambia, "Mratibu, mfadhili akiondoka tutakulaumu wewe." Nilikubali kulaumiwa.

Haya yafuatayo ndiyo tuliyojifunza. Tunayaleta kwenu ili kamati nyingine zisilazimike kuanza upya, na ili wafadhili wetu wajue fedha zao zinaweza kufanya nini na haziwezi kufanya nini.

LENGO LA SOMO

Baada ya somo hili, wanakamati waweze:
1. Kueleza skrini inamsaidia nani katika kwaya, na kwa namna gani.
2. Kupima ukubwa na mahali pa kuweka skrini kabla ya kununua.
3. Kupanga hatua za mradi kwa utaratibu unaofaa, kuanzia nota hadi kifaa.

HALI TULIYOIKUTA

Mazoezi yalikuwa Jumatano na Jumamosi saa 11 jioni. Kwaya ilikaa kwenye mabenchi ya mbele, safu nne, kila sauti na safu yake. Kila watu watatu au wanne walishika karatasi moja. Karatasi zenyewe zilikuwa fotokopi ya fotokopi. Nyingine zilikuwa zimekunjwa mara nyingi hadi mkunjo umefuta mstari mzima wa tena.

Hapa ni lazima tukumbushane jinsi nota za sol-fa zinavyofanya kazi, maana si wanakamati wote ni waimbaji. Herufi d, r, m, f, s, l, t ndizo sauti. Lakini muda wa kila sauti hauonyeshwi na herufi; unaonyeshwa na alama ndogo. Nukta mbili hutenganisha pigo na pigo. Nukta moja hugawa pigo nusu. Mkato huligawa robo. Kistari husema sauti iendelee kushikwa, na nafasi tupu husema nyamaza. Alama ndogo ya juu au ya chini ya herufi huonyesha kama sauti imepanda au imeshuka ngazi nzima. Sasa fikiria karatasi iliyotolewa fotokopi mara nne. Vitu vya kwanza kupotea ni hizo nukta. Herufi zinabaki, muda unapotea, na kila mwimbaji anakisia la kwake.

Tulikuta jambo la pili lililotusikitisha zaidi. Mwalimu wa kwaya aliyetangulia alihamishwa kikazi kwenda mkoa mwingine. Alikuwa mtu mwaminifu na mwenye kipaji, aliyetunga nyimbo nyingi kwa ajili ya usharika ule. Lakini nyimbo zote zilikuwa katika daftari lake, na alipohama alihama na daftari. Hakuiba, lilikuwa lake. Usharika haukuwahi kumwomba nakala. Kwaya ilibaki na nyimbo zile kwa kumbukumbu tu, na kumbukumbu ya besi haikupatana na kumbukumbu ya tena.

Hivyo basi, kabla hatujawasha kifaa chochote tulikwisha kugundua kwamba tatizo la kwanza la kwaya ile halikuwa kukosa skrini. Lilikuwa kukosa nota safi zilizo mali ya usharika.

JAMBO HILI SI GENI KATIKA KANISA

Wapo waliosema kwamba kuimba kwa kutazama ukutani ni mambo ya siku hizi, yasiyo ya Kikanisa. Historia inatuonyesha vingine.

Katika makanisa ya Ulaya ya zamani, kabla vitabu havijawa rahisi kupatikana, kwaya nzima iliimba kutoka kitabu kimoja kikubwa kilichowekwa juu ya kinara. Herufi na nota ziliandikwa kubwa ili waliosimama nyuma nao waone. Mwaka 1524, wakati wa Matengenezo ya Kanisa, Johann Walter, mwanamuziki aliyeshirikiana na Martin Luther, alichapisha huko Wittenberg nyimbo za kwaya kwa namna nyingine: kila sauti na kitabu chake. Kwa hiyo njia zote mbili, ukurasa mmoja mkubwa kwa wote na karatasi ya kila mmoja, ni za zamani kuliko usharika wowote wa kwetu.

Nota za sol-fa zenyewe zilifundishwa ukutani tangu mwanzo. Sarah Glover wa mji wa Norwich, Uingereza, alitumia ngazi ya sauti iliyochorwa kufundishia watoto kuimba. Mchungaji John Curwen (1816–1880) aliichukua njia hiyo, akaiboresha kuanzia miaka ya 1840, na chombo chake kikuu cha kufundishia kilikuwa chati kubwa ya ngazi za sauti iliyotundikwa mbele ya darasa. Mwalimu alishika fimbo, akaonyesha herufi, na darasa zima likaimba. Wamisionari na walimu wa shule wakaeneza nota hizo sehemu nyingi za Afrika, na kwaya zetu nyingi zinazitumia hadi leo.

Tuangalie pia faida ya kuandika. Wimbo "Mfurahini, Haleluya" ulitungwa na Bernard Kyamanywa mwaka 1966. Kwa sababu uliandikwa na kuchapishwa, uliweza kutoka Tanzania na kuvuka bahari. Leo umo katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, namba 116, na huimbwa wakati wa Pasaka na watu ambao hawajapata kufika Bukoba wala Makumira. Wimbo uliobaki katika daftari la mtu mmoja haufiki hata mtaa wa jirani.

Nabii Habakuki naye (Hab. 2:2) aliagizwa aandike maono kwenye vibao, tena kwa uwazi, ili asomaye aweze kusoma bila shida. Somo letu limo katika maneno hayo mawili: kuandika, na kuandika kwa uwazi.

SIKU TULIPOWASHA

Wiki tatu za kwanza hatukuonyesha kitu. Vijana wawili wa kwaya wenye ujuzi wa kompyuta walikaa na mwalimu, wakapiga chapa nyimbo sita. Kazi hii ni ngumu kuliko inavyodhaniwa, nasi tutaieleza hapa chini. Wiki ya nne tukaazima runinga ya inchi 55, tukaiweka juu ya meza nyuma ya mwalimu, tukawasha.

Dakika za kwanza zilikuwa za vicheko. Kisha wimbo ukaanza, na kwenye mstari wa pili sauti zote nne zikakosea mahali pamoja. Mwalimu akasimamisha. Tulipotazama tukaona kwamba mchapaji alisahau nukta moja. Hilo likawa somo letu la kwanza: kosa kwenye karatasi ni kosa la watu watatu, lakini kosa kwenye skrini ni kosa la kwaya nzima. Hata hivyo lilikuwa na faida, kwa sababu lilionekana na wote, likasahihishwa palepale, na halikurudi tena.

Jambo la pili silisahau. Kuna mama mmoja wa sauti ya pili, mtu mzima, mwimbaji tangu ujana wake. Kwa muda mrefu alikuwa akisimama katikati ya wenzake bila kushika karatasi. Tulidhani anajua nyimbo zote kwa moyo. Baada ya mazoezi yale alimfuata mwalimu, akamwambia taratibu, "Mwanangu, leo nimesoma mwenyewe. Miaka hii yote nilikuwa namfuata jirani yangu."

Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Watu wengi wakipita umri wa miaka 40 macho hupungua nguvu ya kuona vitu vya karibu, wakati vya mbali wanaviona vizuri. Karatasi mkononi inakuwa ukungu, lakini maandishi makubwa yaliyo mita nne mbele yanasomeka. Mama yule hakuwa na miwani ya kusomea na aliona aibu kusema. Ni wangapi katika kwaya zetu wameacha kuimba wakisingizia shughuli, kumbe ni macho? Ninaomba kila kamati iliulize swali hili kwa upole. Pengine dawa yake ni miwani tu, wala si runinga.

Jambo la tatu: vichwa viliinuka. Mtu anayesoma karatasi iliyo mapajani huinamisha shingo na sauti yake huelekea sakafuni. Mtu anayetazama mbele husimama wima, hupumua vizuri, na humwona mwalimu kwa wakati huohuo.

MSIBANI HAKUNA SKRINI

Kufikia wiki ya nane sote tulikuwa tumeridhika. Mwenyekiti alikuwa akinitazama kwa jicho la "si nilikwambia?" Ndipo ulipotokea msiba wa mzee mmoja wa Kanisa, na mazishi yakawa upande wa Kisarawe.

Kwaya ilikwenda. Walisimama chini ya mkorosho, familia mbele yao, jeneza katikati. Walikuwa wameandaa nyimbo mbili kati ya zile sita za kwenye skrini. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Ubeti wa pili, sauti zikaanza kupungua moja baada ya nyingine. Nilikuwa nimesimama kando na niliona macho ya waimbaji yakipanda juu, yakitafuta ukuta ambao haukuwapo. Ilibidi mwalimu akatishe wimbo na kuanzisha tenzi ambayo kila mtu aliijua. Familia haikulalamika, pengine hawakuona. Lakini kwenye gari wakati wa kurudi hakuna aliyezungumza hadi tulipoikaribia Mlandizi.

Jumamosi iliyofuata hatukuimba. Tulikaa tukazungumza. Mzee mmoja wa besi alisema maneno yaliyobadili mradi mzima: "Zamani tulikuwa tunaimba vibaya lakini tunajua. Sasa tunaimba vizuri lakini hatujui."

Ndugu wasomaji, hapa ndipo penye kiini cha somo hili. Kwaya zetu haziimbi kanisani tu. Zinaimba misibani, harusini, hospitalini, kwenye mikutano ya Injili ya uwanjani, na katika mitaa ambayo bado haina umeme. Skrini ni chombo cha kujifunzia wimbo. Ikishafundisha, lazima izimwe. Chati ya Curwen nayo ilikuwa ya kufundishia; haikubebwa kwenda makaburini.

Kwa hiyo kwaya ile ilijiwekea utaratibu, na tunaupendekeza kwa sharika zote:

- Mazoezi mawili ya kwanza ya wimbo mpya: skrini inawaka muda wote.
- Mazoezi ya tatu: skrini inawaka kwa sehemu ngumu tu.
- Mazoezi ya nne na kuendelea: skrini imezimwa. Anayekwama aseme, iwashwe, ielezwe, izimwe tena.
- Wimbo ambao haujaimbwa mara mbili kamili bila skrini hauimbwi ibadani wala msibani.

Mwanzoni mazoezi yalirefuka. Baada ya nyimbo tatu hivi, yakaanza kufupika.

MAMBO YA KIUFUNDI

Ukubwa wa herufi

Watengenezaji wa mabango wana kanuni ya kukadiria: kwa kila mita 3 za umbali, herufi iwe na kimo cha sentimita 2.5 hivi ili isomeke bila kukaza macho. Tuitumie kwa runinga ya inchi 55, ambayo kioo chake kina upana wa sentimita 122 na kimo cha sentimita 68 hivi.

Mwimbaji wa nyuma kabisa akiwa mita 9 kutoka kwenye skrini, anahitaji herufi ya sentimita 7.5. Kioo cha sentimita 68 kitaingiza mistari 9 tu. Wimbo wa sauti nne unahitaji mistari mitano kwa pamoja: minne ya sauti na mmoja wa maneno. Maana yake utaona kipande kimoja tu cha wimbo, na ukurasa utageuzwa kila baada ya sekunde chache. Hapo skrini ni usumbufu.

Lakini mwimbaji wa nyuma akiwa mita 4.5, herufi ya sentimita 3.75 inatosha. Mistari 18 inaingia, yaani vipande vitatu vya wimbo kwa mara moja. Kwa mantiki hiyo, kabla ya kutafuta fedha za skrini kubwa zaidi, isogezeni kwaya mbele. Wakae nusu duara, safu mbili au tatu. Hilo halina gharama.

Jaribio rahisi ni hili: chukueni karatasi kubwa, andikeni mstari wa sol-fa kwa kalamu nene, herufi za kimo mnachokusudia, mtundike mahali skrini itakapokaa. Mwimbaji mwenye macho dhaifu kuliko wote akae nyuma kabisa na asome. Akishindwa, msinunue bado.

Runinga au projekta?

Projekta hutoa picha kubwa kwa kifaa kidogo, na ni rahisi kuibeba. Nyingi za kawaida zinahitaji umbali wa mita 3 hadi 4 ili kupata picha yenye upana wa mita 2. Udhaifu wake ni mwanga. Makanisa yetu ya ukanda wa Pwani yana madirisha mapana na matofali ya matundu ili hewa ipite. Saa 3 asubuhi ya Jumapili jua linajaa ndani, na picha ya projekta inafifia hadi haionekani. Jioni hufanya kazi vizuri. Aidha, projekta za taa ya kawaida zinahitaji taa mpya baada ya saa elfu kadhaa za matumizi, na vumbi huharakisha kuharibika kwake.

Runinga huonekana hata mchana na haina taa ya kubadilisha, lakini kioo chake huvunjika kirahisi katika kubebwa. Kwa kwaya inayofanyia mazoezi mahali pamoja, sisi tuliona runinga inafaa zaidi. Kwa usharika wenye mitaa mingi inayozungukwa, projekta inaweza kufaa.

Mahali pa kuweka

Skrini iwe nyuma ya mwalimu, juu kidogo ya kichwa chake, ili jicho litoke kwenye nota hadi kwenye mkono wa mwalimu bila shingo kugeuka. Ikiwekwa ukuta wa pembeni, kwaya humpa mwalimu shavu. Msiitundike mkabala na dirisha, maana mtaona dirisha badala ya nota. Waya unaotoka kwenye kompyuta usiwe mrefu mno. Waya wa kawaida wa HDMI ukipita mita 15 hivi picha huweza kukatika. Tena ufunikwe, watoto wasijikwae.

Kugeuza ukurasa

Anayegeuza ukurasa lazima awe anajua nota. Ageuze kabla kidogo ya mstari kwisha, maana jicho la mwimbaji hutangulia sauti yake. Mchapaji naye asaidie: kurasa zikatwe mahali pa kupumua, na pigo la mwisho la ukurasa lirudiwe juu ya ukurasa unaofuata. Nusu ya malalamiko ya wiki za kwanza yaliisha tulipofanya hivyo.

Umeme

Soma kibandiko nyuma ya kifaa. Tuchukue mfano wa runinga inayotumia wati 120 na kompyuta ndogo wati 50, jumla wati 170. Kwa mazoezi ya saa mbili, mara mbili kwa wiki, matumizi hayafiki uniti 3 za LUKU kwa mwezi. Kwa hiyo bili siyo ya kuogopa. La kuogopa ni umeme kukatika na kurudi kwa kishindo. Wekeni kifaa cha kukinga, na chomoeni waya mvua ya radi inapoanza.

Penye sola au inveta: betri ya maji ya volti 12 yenye Ah 100 ina akiba ya wati-saa 1,200, lakini isichotwe zaidi ya nusu ili idumu. Inatosha mazoezi ya saa 3 hivi kwa mfano wetu.

KUANDAA NOTA

Hii ndiyo sehemu kubwa ya kazi, na ndiyo husahaulika katika maandiko ya miradi.

Kupiga picha karatasi ya zamani kwa simu na kuikuza hakutoshi. Nukta zilizopotea hazirudi kwa kukuzwa. Ni lazima wimbo upigwe chapa upya huku mwalimu akiwa karibu. Kwa sol-fa, chapeni ndani ya jedwali, kila pigo na chumba chake, ili sauti nne zibaki zimepangana wima. Mkitumia nafasi za kawaida, mistari huhama mara tu faili linapofunguliwa kwenye kompyuta nyingine. Mkimaliza, hifadhini kama PDF, ambayo haibadiliki. Wanaotumia nota za mistari mitano wanaweza kutumia programu ya MuseScore, ambayo hupatikana bila malipo.

Tumieni maandishi meusi juu ya nyeupe mchana. Rangi tofauti kwa kila sauti husaidia, lakini wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Kwa hiyo andikeni pia S, A, T, B mwanzoni mwa kila mstari.

Kila wimbo usomwe na watu wawili kabla ya kuonyeshwa. Kisha nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye kifaa cha kuhifadhia kinachokaa ofisi ya usharika, na moja iliyochapwa kwenye karatasi ndani ya jalada. Jalada hilo ni la usharika, na liandikwe kwenye orodha ya mali kama yanavyoandikwa mabenchi.

Kuhusu haki za watunzi: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki juu ya kazi yake, ikiwa ni pamoja na kunakiliwa kwake. Kununua kaseti, CD au kupewa karatasi siyo kupewa ruhusa ya kuchapa na kusambaza nota. Mwombeni mtunzi kwa maandishi; wengi hufurahi kuombwa. Penye shaka, ulizeni COSOTA. Na jina la mtunzi lionekane ukurasa wa kwanza daima. Sisi tulimwandikia yule mwalimu aliyehama. Alijibu kwa kutuma picha za daftari lake lote, ukurasa kwa ukurasa, na ruhusa juu yake.

HESABU YA KAMATI

Msikubali hesabu ya mtu mwingine, fanyeni yenu. Mfano: kwaya ya watu 40, nyimbo 10 za msimu, kila wimbo kurasa 4. Kila mtu akipewa nakala yake ni kurasa 1,600. Tukisema fotokopi ni shilingi 100 kwa ukurasa, ni shilingi 160,000 kwa msimu mmoja. Wakishika wawili wawili ni nusu yake. Linganisheni na bei ya kifaa katika maduka yenu, mkiongeza kinga ya umeme, waya, kabati lenye kufuli, na akiba ya matengenezo kila mwezi. Gawanyeni kwa miaka mnayotegemea kifaa kidumu. Inawezekana jibu likawa: bado fotokopi ni nafuu kwetu. Hilo nalo ni jibu halali.

NENO KWA WAFADHILI

Tunawashukuru kwa moyo wenu. Tunajua ni rahisi kupiga picha ya runinga mpya ikiwa imefungwa utepe kuliko kupiga picha ya vijana wawili wanaohakiki nukta. Lakini ukituuliza fedha zianzie wapi, tutajibu kwa mpangilio huu: kwanza, kuchapa na kuhakiki nota, pili, mafunzo ya kusoma nota kwa waimbaji wote, siyo walimu tu, tatu, majaribio kwa kifaa cha kuazima, nne, ununuzi, tano, akiba ya matengenezo. Usharika uliokwisha kufanya hatua tatu za kwanza kwa nguvu zake unastahili kuaminiwa kwa hatua ya nne.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Nyimbo za kwaya yetu ziko wapi leo? Mwalimu akihama kesho, tutabaki na nini?
2. Ni waimbaji wangapi wanaosoma nota, na wangapi wanafuata jirani? Tutawasaidiaje bila kuwaaibisha?
3. Kwaya yetu huimba wapi nje ya kanisa? Skrini itatuandaa au itatulemaza?
4. Nani atageuza ukurasa, nani atatunza kifaa, nani atashika ufunguo?
5. Someni 1 Mambo ya Nyakati 25:7-8. Waimbaji 288 walipigiwa kura sawasawa, mdogo kwa mkubwa, mwalimu kwa mwanafunzi. Je, katika kwaya yetu mdogo na mkubwa wanapata nafasi sawa ya kujifunza?

HITIMISHO

Robo ilipokwisha, usharika ule uliandika barua ya pili. Safari hii ilikuwa ndefu. Ilikuwa na orodha ya nyimbo zilizochapwa na kuhakikiwa, majina ya watunza kifaa, utaratibu wa mazoezi, na kiasi walichokwisha kukusanya wenyewe kwa ajili ya matengenezo. Niliitia saini siku hiyohiyo. Mfadhili hakuondoka, alisubiri.

Runinga inakaa kwenye kabati lenye kufuli, na hutolewa siku za mazoezi tu. Hivi karibuni kwaya iliitwa tena msibani. Nilikwenda nao. Waliimba beti zote nne, na macho yao yalikuwa kwa wafiwa.

Kamati zinazohitaji msaada wa kupima, au mfano wa jedwali la kuchapia sol-fa, ziwasiliane nasi kupitia ofisi ya jimbo. Mungu awabariki.